Moyo Kwenda Mbio kwa Vijana: Kabla ya Kudai Kipimo Kingine

Kliniki yetu ya moyo hapa Nairobi imepokea malalamiko ya vijana ambao moyo huwaenda mbio, wakahofia kwamba wana ugonjwa wa moyo, na wanaosema kwamba madaktari wanawanyima vipimo. Hofu yao tunaielewa, na hakuna anayeichukulia kuwa uzushi. Hata hivyo, kijana anapofika na bahasha yenye karatasi nne za kipimo cha umeme wa moyo, kutoka zahanati nne tofauti, na zote ni za kawaida, karatasi ya tano haitamwambia jambo jipya. Itamtuliza siku mbili tatu, kisha shaka irudi na nguvu zaidi.

Mtu anapoingiwa na hofu, mwili hutoa adrenalini, moyo ukadunda kwa kasi, kifua kikabana, na vidole vikafa ganzi kwa kupumua harakaharaka. Dalili hizo ni za kweli, na kwa kawaida hufikia kilele katika dakika 10 hivi kabla ya kupungua. Mapigo ya mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na moyo kuruka pigo mara mojamoja hutokea hata kwa wenye afya njema, hasa wasiolala vya kutosha, wanaozidisha kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, au wanaotafuna miraa. Inasikitisha kwamba wengi hutuonyesha rekodi zote za saa ya mkononi lakini miraa wanatuficha.

Hatusemi kwamba vijana hawaugui moyo. Baridi yabisi ya moyo, inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, bado huharibu vali za moyo za vijana nchini. Anayezimia akifanya mazoezi, anayekosa pumzi akilala chali, anayevimba miguu, mwenye maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, au ambaye jamaa yake wa karibu alifariki ghafla akiwa kijana, aende hospitali bila kuchelewa. Dalili zikiwa kali, aende kitengo cha dharura.

Wengine, wasio na dalili hizo, waanzie kituo cha ngazi ya 2 au ya 3, yaani zahanati au kituo cha afya, ambako aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), kwa kupiga *147#, hulipiwa huduma za msingi. Huko atachunguzwa upungufu wa damu na, ikibidi, tezi ya shingo, na akihitaji daktari wa moyo atapewa barua ya rufaa. Barua hiyo iambatane na matokeo yote ya awali. Bila hayo tunalazimika kuanza upya. Tunasisitiza pia kwamba propranololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, hutolewa kwa cheti cha daktari pekee. Kuiuza kiholela ni kuvunja sheria, na kwa mwenye pumu yaweza kumbana pumzi vibaya.

Moyo ukithibitishwa kuwa salama na hofu ikabaki, hofu hiyo nayo ni ugonjwa wenye matibabu. Mshauri nasaha humzoesha mgonjwa kupunguza, wiki baada ya wiki, kujishika mshipa wa mkono na kutafuta dalili mtandaoni usiku, na wengi hupata nafuu bila dawa yoyote.