Kwa nini neva ya mkono ikikatika huota tena, na ya uti wa mgongo haioti?

Mtu akikatwa na bati kwenye kifundo cha mkono, kidonda chaweza kufunga kwa wiki chache huku vidole vikibaki na ganzi. Neva imekatika. Hata ikishonwa vizuri, kuna kusubiri: huota kama milimita 1 kwa siku, hivyo kufika ncha ya kidole ni safari ya miezi. Daktari akitaka kujua imefika wapi hugongagonga ngozi juu ya njia yake. Mgonjwa akisikia kama umeme vidoleni, ncha inayoota iko hapo. Mfaransa Jules Tinel aliieleza mbinu hiyo mwaka 1915, enzi za askari wenye majeraha ya risasi.

Uti wa mgongo haufanyi hivyo. Kwa miaka mingi lawama zilienda kwa mazingira: ndani ya uti kuna protini zinazozuia neva kuota, nje kuna seli zinazoisaidia. Ni kweli, ila haitoshi. Itazame seli ya hisi. Mwili wake umekaa kando ya uti wa mgongo, na mkia wake umegawanyika: tawi moja linakwenda ngozini, jingine linaingia ndani ya uti. Seli ni ile ile, DNA ni ile ile. Kata tawi la nje, linaota. Kata la ndani, kimya. Tena kwa panya, tawi la nje likitangulia kukatwa, hata lile la ndani hupata nguvu ya kuota kidogo. Maana yake kuna habari fulani ambayo kiini cha seli huipata kutoka nje, na kutoka ndani haiipati.

Sehemu ya habari hiyo huandikwa kwa asetili, kikundi kidogo cha atomi, ndugu wa asidi iliyomo kwenye siki. Vimeng'enya vya aina moja huibandika juu ya protini, kwenye asidi amino iitwayo lisini. Vya aina nyingine huibandua. Lisini ina chaji chanya, na asetili ikibandikwa chaji hiyo hufutika. Jambo dogo, lakini DNA yetu, yenye urefu wa kama mita 2 katika kila seli, imezungushwa kwenye vigurudumu vya protini ziitwazo histoni, na inazing'ang'ania kwa sababu yenyewe ina chaji hasi. Bandika asetili kwenye histoni, uzi unalegea, jeni zinasomeka. Vincent Allfrey na wenzake walilihusisha jambo hilo na usomaji wa jeni tangu 1964.

Sasa neva inakatika. Kalsiamu inamiminika kupitia jeraha na wimbi lake linarudi nyuma hadi kwenye kiini. Humo mna kibandua kiitwacho HDAC5. Wimbi likifika, kibandua hicho hutolewa nje, asetili zinabaki kwenye histoni, na jeni za kuota zinaamka. Hayo yalionekana kwa panya mwaka 2013. Kwenye seli za neva ya jicho, ambazo ni za mfumo wa kati wa neva kama uti wa mgongo, HDAC5 haikutoka.

Kinachonifurahisha mimi ni mwaka mmoja kabla: watafiti wale wale walikuwa wameikuta HDAC5 kwenye ncha iliyojeruhiwa, ikifanya kazi nyingine kabisa. Mkia wa neva una mirija midogo, mikrotubuli, iliyojengwa kwa protini ya tubulini, na mirija iliyokaa muda mrefu hujaa asetili. Mirija ya namna hiyo ni imara, lakini ncha inayotafuta njia inahitaji inayojengwa na kubomolewa upesi. HDAC5 huibandua asetili hiyo, na ncha inasonga. Kimeng'enya kimoja: kuondoka kwake kiinini kunasaidia, na kuwepo kwake kwenye ncha kunasaidia.

Ndiyo maana dawa ya kuzima vibandua vyote kwa mkupuo inaweza kufungua jeni huku ikiikwamisha ncha. Lakini mahali ambapo neva haijakatika hesabu hugeuka. Mwaka 2011, panya wenye aina ya ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, unaodhoofisha neva za miguu na mikono, walizimiwa kibandua kingine, HDAC6. Asetili ikaongezeka kwenye tubulini, mitokondria, vyanzo vya nishati vya seli, zikarudi kusafiri ndani ya neva, na panya wakatembea vizuri zaidi.