Taa ya LED inayofifishika maana yake nini

Kwenye boksi la taa ya kuzamishwa darini utakuta neno "dimmable", na wanunuzi wengi huishia hapo: imeandikwa, basi nipe sita za sebuleni. Maana yenyewe ni nyepesi. Ni taa ambayo mwanga wake unaweza kupunguzwa na kuongezwa kidogo kidogo, si kuwaka na kuzima tu. Nitaiita taa inayofifishika. Lakini boksi halikuambii kwamba kufifishika si sifa ya taa peke yake. Ni mapatano kati ya taa na ile swichi ya ukutani ya kupunguzia mwanga, ambayo mafundi huiita dima. Unaweza kununua taa nzuri na dima nzuri, ukazifunga pamoja, zikakataana kabisa.

Ili kuelewa kwa nini zikataane, anza na balbu ya zamani. Ndani yake mna uzi mwembamba wa tungsteni unaopashwa moto na umeme hadi unang'aa. Ukiupunguzia umeme unapoa kidogo, mwanga unashuka, na rangi yake inaelekea ile ya kaa la moto. Dima za majumbani zilitengenezwa kwa ajili ya balbu hiyo. Mwaka 1959 mwanafizikia wa Marekani, Joel Spira, alibuni dima ndogo ya kielektroniki inayoweza kuingia mahali pa swichi ya kawaida, na mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth wakaanzisha kampuni ya Lutron.

Dima ya aina hiyo haibani umeme kama mtu anavyobana bomba la maji. Inaukata. Umeme wa majumbani ni wimbi linalokwenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde, kutegemea nchi. Kila wimbi lina nusu mbili, na dima hukata kipande katika kila nusu, yaani mara 100 au 120 kwa sekunde. Kipande kikikatwa kikubwa, mwanga unakuwa mdogo. Uzi wa tungsteni hauwahi kupoa katika upenyo mfupi kama huo, kwa hiyo jicho linaona mwanga mtulivu.

LED haina uzi wa kupoa. Ni diodi: ikikosa umeme inazimika papo hapo, ikiupata inawaka papo hapo. Tena inataka umeme wa mkondo mnyoofu, uliopimwa, usiozidi wala kupungua. Kazi ya kuupima hufanywa na draiva, kifaa kidogo kilichofichwa ndani ya balbu au kilichoning'inia juu ya dari kwa waya mfupi. Draiva isiyotengenezwa kwa ajili ya dima ikiletewa wimbi lililokatwa hujaribu kufidia pengo, ikashindwa, ikazima, ikajaribu tena. Hapo ndipo taa inaanza kucheza, na ukiiendesha hivyo kwa muda inaweza kuharibika. Draiva ya taa inayofifishika ina sakiti ya ziada inayosoma ukubwa wa kipande kilichokatwa na kushusha mwanga kwa kadiri hiyo. Ile nyongeza ya bei unayoilipa ni ya sakiti hiyo.

Dima nazo ziko za aina mbili kuu. Za zamani hukata mwanzo wa kila nusu wimbi, nyingine hukata mwisho. Inayokata mwanzo huachilia umeme kwa mruko wa ghafla, na mruko huo ndio mara nyingi unaosababisha mvumo kama wa nyuki kwenye draiva. Inayokata mwisho huacha wimbi lipande taratibu kabla ya kulikatiza, na draiva nyingi za LED hutulia nayo zaidi. Nyingi, si zote. Ndiyo maana watengenezaji makini huweka orodha ya dima walizozijaribu na taa zao. Orodha hiyo ina thamani kuliko neno lolote la kwenye boksi.

Kuna kizingiti kingine ambacho kilinigharimu mimi mwenyewe. Nilitoa balbu sita za halojeni za wati 50 sebuleni, nikaweka sita za LED za wati 5, dima nikaiacha ileile. Zikiwaka zote kwa nguvu, sebule ilipendeza. Nikishusha mwanga, zilianza kupepesa, na mbili zikazima kabisa wakati nyingine zinawaka. Nilimlaumu muuzaji bure. Dima ile ilihitaji mzigo, yaani jumla ya wati za balbu zake, usiopungua wati 60 ili ifanye kazi sawasawa. Halojeni zilikuwa zinaipa wati 300, na LED zangu zote kwa pamoja zilikuwa wati 30. Dima ya LED huandikwa mzigo wake wa chini kabisa, mara nyingi wati chache tu. Soma na kiwango cha juu pia: dima iliyoandikwa wati 400 kwa balbu za uzi haiwezi kubeba LED za wati 400. Kwa LED kiwango hushuka sana, na mafundi wengi huhesabu kama sehemu moja ya kumi ikiwa hakuna maelezo mengine.

Sasa, kufifia hadi wapi? Taa ya bei ya chini inaweza kuandikwa kwamba inashuka hadi asilimia 10, na ukasikia kama ni giza karibu kamili. Sivyo jicho linavyoona. Mboni hupanuka mwanga unapopungua, hivyo asilimia 10 ya mwanga huonekana kama theluthi moja hivi ya ule wa kwanza. Asilimia 1 ndiyo inayoonekana kama sehemu ya kumi. Kwa mtu anayetaka kuangalia filamu sebuleni bila mwanga kumsumbua, tofauti ya asilimia 10 na asilimia 1 ni kubwa mno.

Rangi nayo haifuati mwanga. LED ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ambayo ni rangi ya joto inayofaa kupumzikia, hubaki 2700 hata ikififishwa hadi chini, na wengine huuona mwanga huo umepauka. Zipo zinazotengenezwa kugeuka kuelekea kelvini 2000 hivi kadiri zinavyoshuka, kama balbu ya uzi. Ni nzuri kwa kweli, ila bei hupanda. Mwenye fedha ya kubana aziache, anunue 2700 au 3000 yenye alama ya usahihi wa rangi, CRI, ya 90 au zaidi. Hapo ngozi za watu na mbao za samani zitaonekana zilivyo. CRI ya 80 inavumilika. Chini ya hapo, hapana.

Katika kubana matumizi, mimi ningeokoa kwenye fremu, nisiokoe kwenye balbu wala dima. Fremu ni pete ya chuma na holda tu. Chagua yenye holda ya GU10, ile ya balbu ya pini mbili inayozungushwa kidogo kufungwa, ili balbu ikifa ubadilishe balbu peke yake; taa zilizounganishwa moja kwa moja na fremu, draiva ikiungua, aghalabu hutupwa nzima. Usilipie kinga ya maji ya bafuni kwa taa ya sebule. Lakini ikiwa juu ya dari kuna sufi ya kuzuia joto, hapo usibane: tafuta taa iliyoruhusiwa kufunikwa, kwa sababu joto likikosa pa kutokea linaua draiva mapema, na kwa taa isiyofaa linaweza kuwa hatari ya moto.

Usihesabu kwa wati, hesabu kwa lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa. Sebule ya mita 4 kwa 5 ikipewa lumeni 150 kwa kila mita ya mraba inataka 3,000, yaani taa nane hivi za lumeni 400. Ukiwa na taa za mezani, sita zinatosha; bila hizo usipunguze, maana dima haiongezi mwanga usiokuwepo.

Kabla ya kununua zote, nunua mbili. Mwombe fundi umeme azifunge kwenye dima utakayoitumia, kisha uishushe polepole hadi mwisho na kuipandisha. Sikiliza kama inavuma. Zima ikiwa chini kabisa, uwashe tena uone kama inaitika. Ielekezee kamera ya simu ikirekodi video ya mwendo wa polepole (slow motion). Mistari myeusi ikipita kwenye picha, mwanga unapepesa hata kama jicho halioni. Kumbuka tu kwamba mbili zikisumbua huenda mzigo bado haujafika kile kiwango cha chini cha dima, kwa hiyo kisome kwanza. Zikitulia, rudi uchukue zilizobaki za namba ileile ya modeli, pamoja na moja ya akiba, kwa kuwa modeli hubadilishwa, na balbu moja ya draiva tofauti inaweza kufifia kwa mwendo wake wakati wenzake wanashuka pamoja.