Je, wajua kwa nini homa ya mafua humlaza mtu, na mafua huishia puani?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba homa ya mafua ni mafua yaliyozidi. Kichwani mwangu ugonjwa ulikuwa mmoja: huanza na chafya, ukipuuzwa hushuka kifuani, ukikomaa humlaza mtu. Kipimo changu kilikuwa makamasi. Aliyepenga kutwa nzima nilimpa pole nyingi. Aliyesema viungo vinamuuma huku pua yake kavu, nilimwambia hayo si mafua hata kidogo. Baadaye niligundua kwamba mizani nilikuwa nimeishika kichwa chini. Kati ya magonjwa haya mawili, ule wenye makamasi mengi kwa kawaida ndio mwepesi. Ule mwingine, unaoweza kumtoa mtu roho, huweza kuanza bila pua kuchuruzika kwa kiasi cha kutajwa.

Lugha yetu nayo inachangia kosa hili. Tanzania tunasema "mafua" kwa yote mawili, na tukitaka kutofautisha tunaongeza "makali". Kenya wengi husema "nina homa" wakimaanisha pua imeziba na koo linawasha, ilhali kwa Mtanzania homa ni joto la mwili kupanda. Wahudumu wa afya huiita influenza "homa ya mafua", na kwa kuwa neno mafua limo ndani, msikilizaji anadhani ni tawi la mti uleule. Ajabu ni kwamba "mafua ya ndege", yanayosikika kama ugonjwa wa kuku tu, ndiyo yenye undugu wa kweli na homa ya mafua ya binadamu: virusi vya influenza aina ya A huleta yote mawili. Mafua ya kawaida hayamo kabisa katika ukoo huo.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, na vinavyoongoza ni rinovirusi, ambavyo peke yake vina aina zaidi ya 160. Homa ya mafua huletwa na virusi vya influenza, hasa aina A na B. Rinovirusi haviwezi kugeuka influenza hata ukivipuuza mwezi mzima, kama mbegu ya mtama isivyoweza kuota muhindi. Kwa hiyo ile hofu ya "tuyawahi kabla hayajawa homa ya mafua" haina msingi. Ni kweli mafua yanaweza kufungulia bakteria njia ya kuingia masikioni au kwenye sainasi, yaani matundu yaliyomo ndani ya mifupa ya uso, na kwa mwenye pumu yanaweza kuamsha shambulio kali. Lakini huko ni kuzaa tatizo jingine. Mafua yenyewe hayabadiliki jina.

Waliosomea udaktari nao walipotea hapahapa. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, Mjerumani, alikuta bakteria fulani kwa wagonjwa wa homa ya mafua akatangaza kwamba ndiye chanzo. Virusi vyenyewe vilipatikana kwa binadamu mwaka 1933, pale Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, huko London, walipowaambukiza ferreti, vinyama vya jamii ya kicheche, kwa maji yaliyosukutuliwa kooni mwa wagonjwa. Bakteria wa Pfeiffer alivuliwa lawama ila jina halikubadilishwa: mpaka leo anaitwa Haemophilus influenzae. Ukiona "Hib" kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, ndiye huyo. Chanjo hiyo humkinga mtoto na nimonia na homa ya uti wa mgongo, ni chanjo muhimu sana, lakini haizuii homa ya mafua.

Sasa swali lenyewe. Virusi vyote hivi huingia kwa njia moja, pua na koo. Kwa nini vimoja vinakuacha uende kazini ukiwa na leso mfukoni, na vingine vinakufanya ushindwe kunyanyua kikombe?

Sehemu ya kwanza ya jibu ni mahali. Huko Salisbury, Uingereza, kulikuwa na kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1946, ambako watu walijitolea kuambukizwa mafua kwa hiari yao. Watafiti walihangaika kuvikuza virusi hivyo maabara, vikawagomea. Mwaka 1960 David Tyrrell na wenzake walieleza kilichosaidia: kushusha joto kutoka nyuzi 37 hadi 33. Nyuzi 33 ndilo joto la ndani ya pua, kwa sababu hewa tunayovuta huipoza. Rinovirusi vimezoea ubaridi huo, ndiyo maana makazi yao makuu ni puani. Influenza haioni shida na joto la ndani. Hushuka kwenye koromeo na njia za hewa za mapafu, na huko huua seli zinazotandika kuta za njia hizo.

Sehemu ya pili ni mbiu. Fikiria kijiji usiku. Mwizi wa kuku akiingia banda moja, mwenye banda hupiga kelele, majirani wawili watatu hutoka na tochi, wengine hugeuka upande wa pili na kuendelea kulala. Ndivyo mafua yalivyo. Rinovirusi hushika seli chache hapa na pale bila kubomoa sana ukuta, na vurugu hubaki mtaa wa puani: mishipa ya damu hutanuka, majimaji hupenya, makamasi hutiririka. Hata kule kuziba kwa pua kwa sehemu kubwa ni nyama za ndani zilizovimba kwa damu, ndiyo maana unaweza kupenga mpaka masikio yakalia na bado usipate njia ya hewa.

Homa ya mafua ni moto uliowaka nyumba nyingi kwa pamoja. Hapo kelele za jirani hazitoshi, hupigwa mbiu ya mgambo. Seli zilizovamiwa hutoa kemikali ya kuonya wenzao wafunge milango, iitwayo interferoni. Iligunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann huko London, wakichunguza hasa virusi vya influenza. Pamoja na wajumbe wengine wa kinga ya mwili, ujumbe huingia kwenye damu na kufika kila pembe. Sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili ikiupata, hupandisha kiwango. Ni kama mtu aliyezoea maji vuguvugu akaamua leo anataka ya moto: maji yaleyale ya jana anayaona baridi, anaongeza kuni. Mwili wenye nyuzi 37 sasa unajiona una baridi kwa kuwa lengo limekuwa 39, hivyo unatetemeka ili kuongeza joto, na wewe unaomba blanketi huku paji la uso linachoma. Misuli inauma, chakula hakina ladha, usingizi unakushika mchana. Kijiji kizima kimeacha majembe shambani kwenda kuzima moto.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili: maumivu ya mapaja hayana maana kwamba virusi vimo mapajani. Kwa kawaida vimebaki kwenye njia ya hewa. Kinachouma ni mbiu. Ushahidi ulitoka upande usiotarajiwa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walitibiwa kwa sindano za interferoni, na wengi wao walipata homa, baridi, kichwa na viungo kuuma, mfano halisi wa homa ya mafua, bila kirusi chochote cha influenza mwilini. Mbiu ilipigwa, moto haukuwepo, na kijiji kikaamka vilevile.

Ndiyo maana siku hizi swali langu la kwanza kwa mgonjwa ni "ulianza lini?" Mwenye mafua hujibu kwa kusitasita: tangu juzi koo linakereketa, jana chafya, leo pua. Mwenye homa ya mafua mara nyingi hutaja saa: jana saa tisa alasiri nilikuwa sokoni mzima, saa kumi na moja nimelala. Mafua huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Homa ya mafua huwa na joto kali siku tatu au nne, kisha kikohozi na uchovu huweza kudumu wiki mbili au zaidi.

Hata hivyo swali hilo si maabara. Mtoto mdogo anaweza kupandisha joto kwa mafua ya kawaida tu. Mzee mwenye homa ya mafua anaweza asiwe na joto kabisa, akaonekana kuchanganyikiwa. Wako walioambukizwa influenza wakapata dalili nyepesi mno wakadhani ni mafua, na UVIKO-19 huweza kufanana na yote mawili. Daktari mzoefu naye hukosea akitegemea dalili peke yake. Kipimo ndicho hukata shauri. Na huku kwetu, joto la mwili na viungo kuuma ni sababu ya kupima malaria kabla ya kulaumu mafua, hata kama pua inachuruzika, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Rangi ya makamasi nayo haiamui kitu. Kijani hutokana na kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu zilizokuja kupambana, si hati ya kununulia amoksilini. Antibayotiki huua bakteria. Haigusi rinovirusi wala influenza. Dawa ya influenza ipo, oseltamivir, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Wanaohitaji kuwahi kituo cha afya ni wajawazito, wazee, watoto chini ya miaka mitano, na wenye pumu, kisukari, selimundu au VVU. Mtoto asipewe aspirini, kwa kuwa pamoja na influenza inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo.

Na iko dalili moja inayodanganya sana: homa inashuka, mgonjwa anakaa na kuomba uji, nyumba inafurahi, kisha baada ya siku moja au mbili homa inarudi na kikohozi kizito zaidi. Hapo huenda bakteria wameingia kwenye njia za hewa zilizobomolewa, ikawa nimonia, na huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.