Televisheni isiyotazamwa na mtu nayo huhesabiwa

Wazazi wanaofika kitengoni kwetu kwa sababu mtoto amechelewa kuongea wanazidi kuongezeka. Tukiuliza habari za skrini, jibu huja haraka: "Huyu simu hata haishiki." Sawa. Na televisheni ya sebuleni huzimwa saa ngapi? Hapo baba humtazama mama.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 uko wazi: kabla ya kutimiza miaka 2, mtoto asiwekwe mbele ya skrini, kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni heri. Kinachosahaulika ni skrini inayojisemea yenyewe pembeni. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, watoto wa mwaka 1 hadi 3 walicheza huku televisheni ikionyesha kipindi cha chemshabongo cha watu wazima. Walikitupia jicho sekunde chache tu, lakini mchezo ulikatikakatika: hawakudumu na kitu kimoja kama ilipokuwa imezimwa. Isitoshe, televisheni ikinguruma, wazazi nao huongea na mtoto maneno machache zaidi.

Kuhusu katuni "za kufundisha": mtoto anayeimba herufi zote lakini hawezi kuomba maji, bado hajajifunza kuongea. Hili tumelisema mpaka tumechoka. Kuongea na bibi kwa simu ya video ni jambo jingine, maana bibi hujibu.

Sasa utaratibu. Mtoto hupimwa kwanza usikivu, hata kama una hakika anasikia; kukimbilia wimbo wa katuni si kipimo. Hufuata maswali ya hatua za ukuaji, kisha fomu ya ratiba ya siku. Jaza saa kwa saa, tangu anapoamka, ukiandika kila kilichokuwa kimewashwa chumbani, hata kama hakuna aliyekitazama, pamoja na simu ya mzazi wakati wa kumlisha. Jumamosi na Jumapili zisirukwe. Fomu yenye mapengo hurudishwa, na miadi husogezwa mbele.

Hatusemi kwamba skrini ndiyo chanzo kwa kila mtoto. Sababu ni nyingi. Kwa hiyo asiyetamka neno lolote akiwa na miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili akitimiza miaka 2, aletwe mapema. Msizime televisheni kisha mkakaa nyumbani kungoja. Na tafadhali, fomu isijazwe kwenye foleni.