Je, wajua? Jasho la vitanga hukatiwa kifuani

Kwa miaka niliamini kwamba mtu mwenye jasho jingi la vitanga akifanyiwa operesheni, dakta humchana mkono na kutoa tezi za jasho. Kumbe mkono wenyewe hauguswi. Kisu hupita kwapani.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani tezi ndizo mbovu. Kwa kawaida ni nzima, ila zinaamrishwa kupita kiasi. La pili, nililisingizia joto la kaskazi. Jasho la vitanga huitika wasiwasi zaidi kuliko jua: hutoka hata kipupwe, na mwenyewe akishikwa na usingizi hukatika. Ndiyo maana mshona kofia za viua akihofia kukichafua kitambaa cheupe, ndipo anapozidi kukitotesha.

Amri hiyo hupita katika neva za simpathetiki, uzi mwembamba unaoshuka ndani ya kifua, pembeni mwa uti wa mgongo. Waunguja wakumbuke lile giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010. Taa za majumbani zilikuwa nzima, feni nzima, mafriji mazima. Kilichoharibika ni njia ya umeme utokao Bara chini ya bahari. Daktari wa upasuaji hulileta giza kama hilo kwa makusudi: hulipunguza pafu hewa kidogo apate nafasi, huingiza kamera nyembamba kwapani, kisha huukata au kuubana uzi kwenye usawa wa ubavu wa tatu au wa nne. Mara nyingi mkono hukauka na kupata joto mgonjwa hajaamka bado. Ukikatwa juu mno, kope huweza kulegea, maana neva za jicho zimo njia hiyo hiyo.

Wagonjwa wengi wakiulizwa baadaye husema maisha yamekuwa mepesi: wanapeana mikono bila kujifuta kwanza, karatasi ya mtihani hairowi. Ila majibu ya miezi ya mwanzo si ya miaka kumi, na uzi uliokatwa haurudishwi kirahisi. Kwa hiyo hutangulizwa dawa za alumini, kuchovya mikono katika maji yenye umeme mdogo, au sindano za botulini, dawa inayozuia kwa muda amri ya neva isizifikie tezi.

Halafu kuna ajabu yake: kwa wengi jasho huhamia mgongoni, tumboni na mapajani. Huambiwa mwili unatafuta pengine pa kujipoza. Mimi hainiingii sana, kwani vitanga ni eneo dogo mno kupoza mwili mzima. Vyovyote iwavyo, mkono mkavu, kanzu imeganda mgongoni.