Kushusha video iliyopachikwa kwenye tovuti: tafuta orodha, usitafute faili

Wateja wanaoniletea laptop hapa Sinza huwa na lalamiko moja: video ya somo ipo kwenye ukurasa wa chuo, inacheza vizuri, lakini ukibofya kitufe cha kulia cha mausi huoni pa kuihifadhi. Wengine huhifadhi ukurasa mzima, wakaambulia picha na maandishi tu.

Ni kwamba video nyingi za mtandaoni siku hizi si faili moja. Tangu Apple walete HLS, mfumo wa kurusha video mtandaoni, mwaka 2009, video hukatwa vipande vya sekunde chache, vikaorodheshwa kwenye kifaili cha maandishi chenye kiishio cha .m3u8. Brauza husoma orodha hiyo na kuita kipande kimoja baada ya kingine. Mtandao ukizidiwa, inahamia kwenye vipande vya ubora wa chini. Ndiyo maana jioni, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, picha huingia ukungu halafu ikatakata yenyewe.

Kwa hiyo, ukiwa kwenye ukurasa huo, bonyeza F12, ingia kichupo cha Network, andika m3u8 kwenye kichujio, kisha pakia ukurasa upya na ucheze video. Linki itajitokeza. Ukiona anwani inayoanza na "blob:", achana nayo. Haifunguki nje ya brauza hiyo.

Linki ipe yt-dlp, programu ya bure ya kushusha video, kwa kuandika amri hii kwenye dirisha la amri (Command Prompt au Terminal):

yt-dlp -S "res:480,vcodec:h264" --referer "ukurasa" "linki"

Hapo kwenye --referer weka anwani ya ukurasa wenye video. Seva nyingi hukagua ombi limetokea ukurasa gani, na zisiporidhika zinakurudishia kosa 403.

Namba 480 ni ukubwa wa picha, na ni ya kuokoa bando. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula kama MB 450 kwa saa. Ya megabiti 2.5 inapita GB 1. Mwenye bando la usiku aiache ishuke amelala. Umeme ukikatika, rudia amri ileile, itaendelea ilipoishia, ila kama linki imeisha muda itabidi uchukue nyingine.

Hiyo h264, yaani namna video ilivyobanwa, ndiyo watu huipuuza, wakati kwangu ina uzito kuliko yote. Video zilizobanwa kwa namna mpya zaidi, AV1, huwa ndogo, zinavutia kushusha, lakini prosesa za Intel zilianza kuwa na sehemu maalumu ya kuzifungua kwenye kizazi cha 11, mwaka 2020. Laptop ya mtumba ya Kariakoo mara nyingi ni ya kabla ya hapo. Prosesa inabeba kazi yote, feni inavuma, picha inagandaganda huku sauti imeshatangulia. Mtu anabadilisha VLC kwa programu nyingine, wala haisaidii.

Ukipata mafaili mawili, moja picha bila sauti na jingine sauti tupu, video haijaharibika. Tovuti imezitenganisha, na kompyuta yako haina ffmpeg, programu ya kuziunganisha. Isakinishe, urudie.

Video za Netflix na wenzao zimefungwa kwa ufunguo. Hizo sishughuliki nazo, na hizo nyingine ni vyema mwenyewe awe ameruhusu.

Faili likigoma kuingia kwenye fleshi yenye nafasi tele, angalia kama fleshi imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao haupokei faili la kufika GB 4. Hamisha vilivyomo, uifomati kuwa exFAT, lakini kwanza hakikisha TV ya nyumbani inaisoma.