Je, wajua kwa nini pikseli milioni 45 hazimsogezi tai aliye mbali?

Kamera ya Nikon D500 ya mwaka 2016 ina pikseli, yaani vitone vinavyounda picha, milioni 20.9. D850, iliyofuata 2017, ina milioni 45.7. Kwa hesabu ya dukani, ya pili ingetoa picha kali mara mbili. Sasa zifunge kwa zamu kwenye lenzi moja ya mm 500, umpige tai aliyetua juu ya mgunga mita 60 kutoka kwenye gari, kisha uzikuze picha zote mbili hadi manyoya ya shingo yahesabike. Tofauti utaitafuta kwa tochi.

Lenzi haijui imefungwa kwenye bodi gani, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Umbo la tai inalolitupa juu ya sensa, kile kipande kinachopokea nuru ndani ya kamera, lina ukubwa uleule, kwa hiyo la kuuliza ni pikseli ngapi zimeangukia ndani ya umbo hilo. Sensa ya D500 ni ndogo, mm 23.5 kwa 15.7, na kila pikseli ina upana wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 4.2 hivi. Ya D850 ni mm 35.9 kwa 23.9, lakini pikseli zake ni za mikroni 4.35. Tai anayechukua pikseli 1,000 kwa upana kwenye D500 atapata kama 970 kwenye D850. Zile nyingine zote zimepiga picha ya anga na matawi, vitu utakavyovikata ukifika nyumbani. Ukiikata D850 ilingane na sensa ndogo, unabaki na milioni 19.4.

Ndiyo maana ule usemi kwamba D500 "huigeuza mm 500 kuwa mm 750" unapotosha. Haivuti chochote karibu. Inakukatia kingo mapema tu.

Mnyama akisogea karibu, mambo hugeuka. Kichwa cha simba aliye mita 10 kinakatwa masikio na D500, ilhali D850 inakichukua chote kwenye picha ya pikseli 8,256 za upana, dhidi ya 5,568 za mwenzake ukirudi nyuma. Tena sensa kubwa hukusanya nuru kwenye eneo zaidi ya mara mbili, hivyo chenga za picha zinazoletwa na ISO 6400 (wepesi mkubwa wa kamera kwa nuru hafifu) jioni hupungua. Kwa ndege arukaye, bado tungechukua D500: picha 10 kwa sekunde dhidi ya 7, na fedha inayobaki iende kwenye lenzi.

Picha zikitoka na ukungu, mara nyingi bodi haina kosa. Kwa ndege angani anzia sekunde 1/2000. Zima injini, laza lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani. Saa sita mchana mazigazi yakicheza juu ya nyasi, hakuna kamera itakayokusaidia. Subiri au sogea.

Kosa lingine hujificha kwenye fokasi: kamera hizi hupima kwa kifaa kilicho chini ya kioo, mbali na sensa, na vipimo viwili vinaweza kupishana. Manyoya ya mkia yakiwa makali kuliko jicho, weka kamera kwenye stendi, washa mwonekano wa moja kwa moja kwenye skrini, lenga kitu bapa chenye maandishi, kisha bonyeza pamoja kitufe cha aina ya fokasi na cha kurekodi video kwa zaidi ya sekunde mbili. Kamera itajirekebisha. Rudia mara tatu au nne, maana majibu huyumba kidogo, uchague thamani ya katikati. Kila lenzi na bodi yake.